Pembe Iliyokunywa Mapenzi ya Durrati

Alikuwako sultani, na jina lake Ghalibu bin Mundhiri, na mji wake ukiitwa Zabarijadi, mji wenye milango minne ya shaba na bustani za komamanga zilizoshuka ngazi kwa ngazi hadi chini ya ukuta, na raia zake walilala milango wazi kwa kuwa mwizi wa mwisho alikwisha kufa kwa uzee gerezani. Sultani huyu Mola alimjaalia kila kitu isipokuwa jeshi. Na mpakani mwake alikaa Mfalme Tajiddini wa Jabali Hadidi, mwenye askari wengi hata hakuwa na mahali pa kuwalaza, naye akaleta barua yenye muhuri mwekundu akiomba kumwoa Durrati, binti wa pekee wa Sultani, na katika barua hiyo neno "naomba" liliandikwa kwa hati ndogo sana. Sultani akaisoma mara mbili, akawatazama mawaziri wake, na mawaziri wake wakatazama mazulia. Akakubali. Harusi ikawekwa mwandamo wa mwezi ujao.

Siku ya tatu tangu barua ijibiwe, Durrati akaanza kuumwa. Kwanza alikataa wali, kisha akakataa hata sharubati ya zabibu aliyoipenda tangu utotoni, na viganja vyake vikawa vinatoka jasho hali amekaa kivulini, na moyo ukimpiga hata mkufu ukawa unaruka kifuani mbele ya macho ya wajakazi. Akawa haoni usingizi. Akivaa makubazi huvaa la kulia mguu wa kushoto, akianza kusoma sura aliyoihifadhi tangu ana miaka saba hukwama katikati, na mara nyingine akicheka peke yake kisha akilia kwa kicheko kilekile, na ukimuuliza jambo mara tatu anakujibu mara ya nne, tena anajibu jingine.

Wakaitwa matabibu watatu wakubwa wa mjini, na wote watatu, baada ya kumtazama ulimi na kumnusa pumzi, walikubaliana kwamba hii ni ashiki. Walichoshindwa kukubaliana ni mahali inapokaa. Wa kwanza alisema mapenzi hukaa katika ini, wa pili akasema hukaa moyoni, wa tatu akasema hao wawili ni wapumbavu, mapenzi hukaa katika ubongo na huko kwingine hutuma watumishi tu. Wakabishana mbele ya mgonjwa, wakavuana vilemba, na mmoja akang'olewa ndevu. Nami nawaambieni, elimu ya namna hii haijapata kumponya hata paka.

Sultani akamuuliza binti yake, "Mwanangu, ni nani?" Durrati akanyamaza. Akamuuliza kwa upole, akamuuliza kwa ukali, akamuuliza kwa jina la marehemu mama yake, naye akanyamaza vilevile.

Sitawaficheni nyinyi yaliyofichwa kwa Sultani. Aliyependwa aliitwa Sufiani, naye alikuwa mwumishi, mtu wa kupiga watu pembe na kuwatoa damu mbovu, fundi wa pembe za ng'ombe na wembe na nta. Kila yalipobadilika majira aliitwa kasri kuwaumika watu wa nyumba ya Sultani, na kwa Durrati alikuwa na miaka mitatu akienda. Waumishi wa Zabarijadi wana ada yao: mwanamke wa kasri huumikwa nyuma ya pazia, na pazia lina tundu, na mwumishi haoni ila mkono au kipande cha mgongo kilichotolewa na yaya. Lakini Sufiani alikaa upande wa dirisha, penye mwanga, na Durrati alikaa upande wa giza, na pazia la hariri ukiwa gizani unaona aliye mwangani kama vile hakuna pazia. Basi kwa miaka mitatu Sufiani hakumwona, naye alionwa. Alionwa akiipasha pembe moto baina ya viganja vyake ili isimshtue mgonjwa kwa ubaridi, jambo ambalo hakuna aliyemfundisha. Akasikiwa akisema kila mara kabla ya kuchanja, "Pole, bibi, kidogo tu." Watu wamependana kwa madogo kuliko hayo.

Sasa matabibu waliposhindwa, wakamwambia Sultani, "Maulana, dawa ya hili hatuna. Lakini yuko Sufiani, na pembe yake si pembe hivihivi." Na walisema kweli, maana katika pembe ile alikaa jini aitwaye Dahmani. Babu yake Sufiani alimkuta jini huyo jangwani analia, ana kibanzi cha chuma kimempotelea katika damu, na chuma ni sumu ya majini, akamuumika mpaka kibanzi kikatoka. Dahmani akaapa kuwatumikia yeye na uzao wake, akae ndani ya pembe na anywe kila atakachotajiwa, iwe homa au uchungu wa jino au hofu. Na mwenye pembe akitega sikio tunduni humsikia, na akimuuliza hujibiwa, ila jini yule hajibu asichoulizwa.

Sufiani akaletwa barazani adhuhuri, na Durrati amekaa nyuma ya pazia anasikia kila neno. Sultani akasema, "Ewe Sufiani, mwanangu ana mapenzi mwilini, sijui ya nani, wala sitaki tena kujua. Tajiddini akimkuta bibi arusi anamlilia mtu mwingine, ataufanya mji huu majivu, wakubwa kwa wadogo. Basi yatoe. Ukiyatoa kabla ya mwezi kuandama nitakuvisha joho na kukupa shamba lililo kando ya mto. Usipoyatoa, kichwa chako kitakaa juu ya mlango wa mashariki, wakitazame wanaoingia."

Sufiani akainama. "Maulana, amri yako iko juu ya kichwa changu. Lakini ada yetu waumishi, mgonjwa mwenyewe lazima aonyeshe mahali anapoumwa. Asipoonyesha, siwezi kuweka pembe."

Durrati alikuwa akikitazama kichwa kile. Kisha akasema, "Naumwa mgongoni, usawa wa tumbo. Anza."

Sufiani akapasha pembe, akasema maneno yake yale, akachanja, akavuta pumzi kwa tundu la juu, akaziba kwa nta kwa ncha ya ulimi. Kisha akatega sikio na kunong'ona, "Dahmani, kunywa mapenzi yaliyomo tumboni."

Jini akanywa, na jioni ile Durrati akala sahani nzima ya wali na nyama. Kasri zima likapiga vigelegele. Yaya wake, Bi Shungi, mwanamke aliyemlea tangu siku ya kuzaliwa, akamuuliza, "Kitamu, mwanangu?" Durrati akafikiri. "Ni chakula," akasema.

Siku ya pili yakatolewa yaliyokuwa viganjani na jasho likakauka, na siku ya tatu yaliyozuia usingizi, akalala kuanzia magharibi hadi jua kutoka, lakini hakuota, na tangu hapo hakuota tena maishani. Siku ya nne pembe ikawekwa baina ya mabega, nyuma ya moyo, na jini akanywa kwa muda mrefu, na mkufu ukaacha kuruka. Sufiani akaushika mkono uliotolewa tunduni, akaweka vidole vitatu juu ya mshipa apime mapigo.

Mshipa ukawa unakimbia.

Akafanya hofu. Akatega sikio kwenye pembe. "Dahmani, mbona hayajesha?"

"Mapenzi hayana chumba kimoja mwilini," akajibu jini. "Yote uliyoninywesha ni ya vyumba vya nje. Haya yamejenga kichwani. Yamekaa na kumbukumbu, yamekaa na furaha, yamekaa na hofu, na yameshika kuta zote. Ukiniambia nikanywe huko nitakunywa, lakini mimi sichagui, vyote hivyo vina mlango mmoja wa kutokea."

Neno hilo lingemtosha mtu mwenye akili zake. Lakini Sufiani alikuwa akifikiria mlango wa mashariki, na mtu anayefikiria shingo yake hasikii vizuri.

Siku ya tano akaweka pembe tena pale pale, na alipokuwa akitoka, Bi Shungi alimshika kanzu ukumbini. "Mwanangu Sufiani, ngoja nikwambie. Nakuona wasema mapigo ya bibi mdogo hayatulii. Mimi jana alasiri niliushika mkono wake nikimpaka hina. Umetulia tuli. Na asubuhi kabla hujaja, tuli. Ukija wewe ndipo."

Sasa yaangalieni madhambi ya ufundi. Katika ada za waumishi wa Zabarijadi iko moja inayosema kwamba tangu matibabu yaanze hadi yaishe, mshipa wa mgonjwa hushikwa na mkono wa mwumishi peke yake, maana mikono mingi huuchanganya. Sufiani alifundishwa hivyo na baba yake, na baba yake na babu yake, na katika vizazi vyote vitatu hakuna aliyepata kujiuliza kama mkono unaopima nao una neno mwilini mwa anayepimwa. Badala ya kuusikia ushahidi akaona amevunjiwa heshima. "Mama," akasema, "umemshika mshipa wakati wa dawa? Ndiyo maana haponi! Wewe waijua hina na uji, mshipa niachie mimi. Ukirudia nitamwambia Maulana."

Yule mama akamwachia kanzu. "Haya, baba," akasema, "fundi ni wewe," akaenda zake. Ningekuwapo ningempiga Sufiani kofi, na joho asingelivaa kwa uvimbe wa shavu.

Siku ya sita akaweka pembe kisogoni, chini ya kitambaa kilichofunga nywele. Dahmani akanywa, na alipomaliza Durrati aliombwa na Bi Shungi waimbe wimbo ambao mama yake marehemu alikuwa akimlazia, nao walikuwa wakiuimba kila Ijumaa. Durrati alikuwa ameusahau. Bi Shungi akamwimbia mwanzo, akamwimbia na kiitikio, huku machozi yakimtoka, na Durrati akasikiliza kwa adabu, kisha akauliza kama wimbo ni mrefu.

Na bado, siku ya saba, Sufiani alipoushika mkono ule, mshipa ukaruka chini ya vidole vyake. Ulikuwa ukiruka kwa udhaifu sasa, lakini uliruka. Na mwezi ulitarajiwa jioni ileile.

"Bibi," akasema, "nionyeshe pa mwisho."

Durrati akajishika utosini, na Bi Shungi akapanua tundu la pazia ili utosi uonekane, na ikawa mara ya kwanza kwa Sufiani kuziona nywele zake. Akaanza kuipasha pembe. Na Durrati, ambaye mengi yalikuwa yamekwisha kumtoka na lililobaki halikuwa zaidi ya kijiko, akasema polepole, kama mtu anayetafuta maneno katika lugha ya ugenini, "Sufiani. Ukimaliza leo, utarudi tena?"

"Ukipona, bibi, nirudi kufanya nini?"

Durrati akasema, "Na nisipopona, watakukata kichwa."

"Ndivyo alivyoapa Maulana."

"Basi weka."

"Pole, bibi," akasema Sufiani, "kidogo tu." Akachanja, akavuta, akaziba, akasema, "Dahmani, kunywa yote." Na jini akanywa yote.

Akaushika mshipa. Ulikuwa umetulia, unagonga sawasawa, haukuwa na habari naye. Sufiani akaanguka kifudifudi akimshukuru Mola, na vigelegele vikatoka chumba hadi chumba mpaka barazani, na Sultani akaja mwenyewe akamvika joho kwa mikono yake. Jioni mwezi ukaandama.

Alipofika nyumbani akaitoa pembe aisafishe, akaona imelowa jasho. Akaifuta, ikatoka jasho tena. Akaishika viganjani, ikawa inagonga ndani, mbio mbio, na kadiri alivyoisogeza kifuani ndivyo ilivyozidi kugonga. Akatega sikio. Jini alikuwa akinong'ona, na sauti yake ilikuwa ya kike, "Pole, bibi, kidogo tu. Pole, bibi, kidogo tu."

Akauliza swali ambalo lilistahili kuulizwa siku ya kwanza. "Dahmani, alikuwa akimpenda nani?"

"Wewe," akasema jini. "Alikupenda kwa kuipasha pembe. Kila uliposhika mkono wake uliyaita yaje juu, kisha ukaniambia niyanywe. Na alinyamaza ili usiuawe, na alipoonyesha mahali alionyesha ili usiuawe. Sasa mimi ninayo yote, nami nateseka."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuniuliza."

Akamuuliza kama yarudishika, akajibiwa yarudishika mgonjwa akionyesha panapomuuma, akakimbia hadi kasri na joho limemtoka bega moja, na kwa kuwa sasa alikuwa mtu wa joho walinzi wakampisha. Akamkuta Durrati anapambwa, akapiga magoti mbele ya pazia. "Bibi, kuna kosa limefanyika. Iko namna ya kurudisha. Nionyeshe tu mahali panapokuuma, popote, hata pawe padogo namna gani, niweke pembe na jini akurudishie."

Durrati akajitafuta kwa makini, kwa kuwa alikuwa binti mwenye adabu na ameulizwa kwa adabu. "Hapaniumi popote," akasema.

"Bibi, tafuta tena!"

"Nimetafuta, bwana mwumishi. Hapana." Kisha akamgeukia Bi Shungi amfunge kishikizo.

Durrati akaozwa. Tajiddini alifurahi mno na mke wake, akawaambia mawaziri wake kwamba hajapata kuona mwanamke asiyeudhika, na amani ikakaa baina ya nchi mbili. Hayo lazima niyaseme, maana ni kweli, na watu wengi wa Zabarijadi walizeeka vitandani mwao kwa sababu ya pembe saba. Sufiani akapewa shamba lile la kando ya mto. Lakini tangu siku ile akawa hali, akawa halali, viganja vikamtoka jasho, akivaa makubazi huvaa la kulia mguu wa kushoto. Yeye hakurogwa wala hakunyweshwa na jini. Alimpenda mwanamke baada ya kumwua moyo, akampenda kwa njia hii hii ya kawaida inayotupata sote. Na mikono ikawa inamtetemeka, asiweze tena kuchanja mtu.

Mwaka wa pili Sultani Ghalibu akashikwa na maradhi ya kufa, akatuma watu Jabali Hadidi wamlete mwanawe. Durrati akaja siku ileile aliyopata habari, hakuchelewa hata saa, amenawiri, uso hauna kunyanzi. Akaketi kando ya kitanda, amewapa mgongo waliosimama nyuma. Sufiani alikuwapo, ameitwa pamoja na matabibu, amekonda, anashikilia nguzo.

"Mwanangu," akasema Sultani, "nipe mkono wako. Nataka nife nimeushika."

Akampa. Mzee akaushika, akautazama uso wa binti yake kwa muda mrefu akitafuta kitu. Machozi yakaanza kumtiririka, na Durrati akayafuta, akawaambia wajakazi walete mto mwingine, huu umelowa. Kisha akauliza, kwa upole kabisa, "Baba, itachukua muda gani? Nimeuliza kwa ajili ya chakula cha mchana."

Sultani akamtafuta Sufiani kwa macho. "Umemfanya nini mwanangu?"

"Nilimponya, Maulana," akasema Sufiani. "Kama ulivyoamuru."

Mzee akauachia mkono, akageukia ukutani, na hapo akafa, na hapana aliyemshika.

Alipokwisha kuzikwa na watu kutawanyika, Durrati alimwona Sufiani amekaa chini kwenye ua wa kasri, akasimama mbele yake bila pazia, maana mwanamke mwenye mume na ufalme hahitaji pazia kwa mtumishi. Ndiyo mara ya kwanza Sufiani kuuona uso wake. Pembe ilikuwa kifuani mwake ndani ya kanzu, ikagonga kwa nguvu hata kitambaa kikatikisika, na moyo wake mwenyewe ukagonga upande wa pili.

"Umekonda sana," akasema malkia. "Na unatetemeka. Nadhani una ule ugonjwa niliokuwa nao mimi. Mwite mwumishi mwingine akutoe. Mimi ulinisaidia mno, na sijapata kukushukuru."

"Niache, bibi," akasema Sufiani. "Niache nao tu."

Malkia akaitikia kwa kichwa, akamuaga kwa adabu, akaenda kula.

Sufiani aliishi miaka kumi na mmoja baada ya siku hiyo, na alikufa nao. Jini hakupata wa kumwita tena, na pembe walimzika nayo. Yeye aliyenihadithia aliniusia niseme hivi mwishoni: mganga akiweka mkono wake juu ya mwili wa mtu, ajihesabu na yeye kuwa katika maradhi hayo, aulize kwanza, tena aulize na wanaopaka hina. Nimeyasema kama nilivyousiwa, na aliyesikia asikie.